Maziwa ya Jioni kwa Kina Johana

Mimi nimetembea sana. Kutoka Londiani nikiuza mbegu za viazi, mpaka Chebunyo nikitafuta mbuzi, hakuna boma ambalo mbwa wake hanijui. Ndiyo sababu Rodah Chepyegon aliniomba nimwonyeshe njia. Si kwa kisomo. Shule niliiacha darasa la nne.

Rodah ni binti wa kwetu, huku kwa mashamba ya chai juu ya Longisa. Kazi yake ni kuuliza watu wanapata pesa ngapi. Kila miaka mitano boma zilezile arobaini na moja huulizwa: chai, bonasi, maziwa, kibarua, yote. Halafu anazipanga foleni, kutoka ile inayopata kidogo mpaka ile inayopata zaidi, na anaangalia ya ishirini na moja, ile inayosimama katikati kabisa.

"Si ungejumlisha tu ugawanye?" nilimwuliza.

"Mzee, nikigawanya, yule wa lori mbili atatuinua sisi wote kwa karatasi, na lori lake hatujapanda."

Hapo nikaelewa.

Sasa, mwaka huu katikati ilishuka. Mwaka wa 2015 ilikuwa elfu kumi na tatu kwa mwezi, 2020 elfu kumi na nane, na safari hii elfu kumi na tano. Bwana Gitonga, mkubwa wake kule Kericho, akapiga simu. Alivyofoka, hata mimi nilisikia.

"Rodah, watu wameweka mabati mapya na sola, na wewe unaniambia wamerudi nyuma? Ama ulikaa hotelini ukajaza fomu ukila mandazi?"

"Nilitembea, bosi. Boma zote."

"Nakuja Ijumaa. Kama hutaniambia imeshuka kwa nini, hii kazi nampa mwingine."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Rodah hakulia, lakini alivaa gambuti ya kulia mguu wa kushoto, tukatembea hivyo mpaka mtoni ndipo akajua.

Jioni, tukiwa bado tunatafuta sababu, tukapumzika kwa Johana Kipkirui. Huyu Johana alikuwa amejibu maswali yote Jumamosi, amevaa koti la kanisa. Mkewe, Mama Benard, alitumiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwa kibuyu, akaenda kukama. Alipotoka zizini alibeba mtungi, akaelekea moja kwa moja kwa lango.

"Mama, hayo yanaenda wapi?" Rodah akauliza.

"Kwa hoteli ya pale senta. Ya jioni ni yangu."

Rodah akashika kichwa. "Karo yangu yote ililipwa na maziwa ya jioni, na mimi nimesahau kuyauliza!"

Kwetu ni hivi: maziwa ya asubuhi ni ya baba, yanaenda kwa chama cha ushirika. Ya jioni ni ya mama, na mwanaume mwenye heshima haulizi yameishia wapi. Zamani karani wa kabla ya Rodah alikuwa anakuja asubuhi, wanaume wako kituoni na majani chai, kwa hivyo walijibu kina mama, ambao wanajua yote mawili. Safari hii Rodah, kwa adabu zake, alituma habari kwamba wenye boma, yaani kina baba, wangojee nyumbani. Wakangoja na makoti. Wakasema ukweli, ule wanaoujua.

"Mama, twende kando nikuulize," Rodah akasema.

"Uliza hapa hapa! Kwani nimeiba?" Akataja maziwa, mayai na sukuma. Ikafika elfu sita kwa mwezi.

Johana akageuka polepole, akaangalia tangi kubwa la maji kando ya nyumba. "Mama Benard. Hilo tangi si lililetwa na ndugu yako?"

"Alilibeba tu kwa pikapu."

"Lakini nilimshukuru! Nilimchinjia jogoo!"

"Na alikula vizuri," mama akasema. "Hata shingo hakuacha."

Tulicheka mpaka ng'ombe akaacha kula nyasi.

Jumanne mpaka Alhamisi tulirudi boma zote, safari hii tukiuliza baba na mama pia. Ijumaa Gitonga akaja, akachagua boma mbili mwenyewe, akauliza mwenyewe. Akakuta vile Rodah aliandika. Katikati ilikuwa elfu ishirini na mbili. Rodah hakumficha: ukitoa vile unga na mafuta yamepanda, hatua ni ndogo kama ya mtoto anayejifunza kutembea. Lakini ni ya mbele.

Gitonga alimrudishia Rodah fomu. "Ile ya mandazi, nisamehe," akasema. "Na wiki ijayo uende Chebunyo. Huko nako ukaulize ya jioni."

Siku hiyo Johana alichinja jogoo mwingine, akampakulia Mama Benard kwanza. Shemeji hakuitwa.