Mlinzi wa Picha ya Vita

Katika jumba la makumbusho, mlinzi wa picha maarufu ya kupinga vita hukaa akiipa mgongo, kidole gumba kikisugua simu mfukoni. Mgeni akiisogelea mno, humwambia taratibu, "Rudi nyuma kidogo, ndugu yangu." Akiulizwa yule mama wa pichani aliyepakata maiti ya mwanawe ana maana gani, hujibu, "Mimi nalinda tu." Tangu bintiye apelekwe vitani, hajaigeukia hata siku moja. Leo simu imelia. "Baba, nimerudi, nimeshuka kituoni. Mzima kabisa, njaa tu ndiyo inaniuma." Mlinzi akashusha pumzi ya miezi tisa, akageuka, akamsogelea yule mama hadi pua ikakaribia kugusa rangi. "Pole, mama," akanong'ona, machozi yakimtiririka. Mgeni mmoja akamgusa bega: "Rudi nyuma kidogo, mzee wangu."