Mguu Wangu Kwenye Klachi

Harufu ya mafuta ya breki ina utamu fulani wa uongo, kama dawa ya kikohozi, na haikutoki puani hata ukinawa. Mwezi uliopita ilinikuta kwa fundi wangu hapa Tarime mjini, nimekaa kwenye benchi nikisubiri gari, nikajiona tena mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ngoja niwaambie kwa nini, maana hili sijamwambia hata mume wangu.

Nilikuwa darasa la tano, nyumbani kwetu Nyanungu. Baba alikuwa na pikapu ya kijani iliyokwisha kuzeeka, na Jumamosi moja kaka zangu wakiwa malishoni na ng'ombe, akaniita nimsaidie kubadilisha mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki. Nilivimba kichwa, msinicheke! Msichana kuitwa kwenye gari, pale kwetu, lilikuwa jambo. Kazi yenyewe inataka watu wawili. Mmoja anakaa nyuma ya usukani na kukanyaga pedali; mwingine analala chini ya gari, anafungua kinati kidogo mafuta machafu yatoke, kisha anakifunga. Baba alikuwa na mpira wa dripu aliouomba zahanati, akauchomeka kwenye kinati, ncha ya pili ndani ya chupa tupu ya soda. Miguu yangu haikufika vizuri, ikabidi niteleze hadi ukingoni mwa kiti na kuning'inia kwenye usukani. Kutoka chini zilikuja amri tatu tu: kanyaga, shika, achia. Akanionya kwamba nikiachia kabla hajafunga, hewa itaingia na klachi itakufa. Basi nilishika mpaka paja likatetemeka. Mara kwa mara alitoka kuongeza mafuta mapya kwenye kikopo cha juu, tukaendelea. Yalitoka meusi tii, yakafuata ya kahawia, mwisho yakatoka maangavu, na baba akasema binti yake ana mguu wa fundi. Siku mbili nzima nilitembea nikijiona mkubwa.

Jumatatu jioni alikuja kuinunua ile pikapu Marwa, niliyemwita baba mdogo ingawa hatukuwa ukoo mmoja. Yeye na baba walitahiriwa siku moja, kwa hiyo walikuwa wa saro moja, na kwetu mtu wa saro yako ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Alikuwa ametoa karibu ng'ombe wake wote apate gari la kupeleka mahindi Kewanja, kwa watu wa mgodini. Mtu mwingine angekuja na fundi. Marwa hakuja naye, maana kumkagua mtu wa saro yako ni kumtukana. "Waliotoka damu siku moja hawadanganyani," alisema akicheka, akakanyaga klachi mara mbili na kuridhika. Akaniuliza kama kweli nilisaidia. Nikaitika ndiyo, kifua mbele.

Gari lilimaliza wiki mbili. Siku ya mvua, kwenye kivuko cha kijito, pedali ilizama mpaka chini, gia ikakataa kuingia, gari likazimika katikati ya maji na magunia nyuma. Maji yakapanda. Marwa alitoka kwa kushika mizizi ya ukingoni. Gari lilikutwa kesho yake limelala kwenye mawe, na mahindi yalikwenda yote.

Alikuja kwetu kwa miguu na wazee wawili wa saro yao. Hakufoka. Nilijua kilicholetwa pale, maana hata watoto tulijua: mtu akimdanganya mwenzake wa saro, wote humgeuzia mgongo, hawali naye, hawaji hata msibani kwake. Baba akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye alikuwa kwenye pedali," alisema. "Nilimwambia ashike. Nadhani aliachia mapema."

Marwa akageuka. "Robi, mwanangu, uliachia?"

Nilimtazama baba, naye akatazama kuku. Nikakumbuka paja lilivyotetemeka, nikajishuku mwenyewe. Nikasema labda. Marwa akaniwekea mkono kichwani, akasema mtoto huwa anajifunza, hana hatia. Wakaketi, wakanywa uji kwenye kibuyu kimoja, ishara kwamba baba bado ni mwenzao, na mambo yakaishia hapo. Kwao. Marwa alirudi kuchunga ng'ombe wa watu, na mimi kila nilipomwona njiani nilikatiza shambani kwa aibu. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nilikaa nyuma kabisa msibani.

Sasa, pale kwa fundi, nikauliza kama kwa utani tu: mtu akiachia pedali mapema mafuta yakibadilishwa, klachi inaweza kufa baada ya wiki mbili? Akacheka. Alisema hewa ikiingia, pedali inalegea palepale, hata getini hufiki. Haingoji wiki mbili. Kinachongoja ni mpira wa ndani ya pampu ya klachi ulioliwa. Mafuta yakitoka meusi, weusi huo ni mpira wenyewe uliosagika. Akaongeza, bila kujua anamsema nani, kwamba wajanja wakitaka kuuza gari la namna hiyo humwaga meusi, huweka mapya, na pedali hushika siku chache tu.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado kwenye benchi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza bila kuzunguka kama alijua mpira umeliwa, na kwa nini alinisingizia mimi.

"Ulikuwa mtoto, Robi," alisema. "Nilijua wewe watakusamehe."

Na ni kweli, walinisamehe. Baba alipiga hesabu vizuri. Kwa aibu yangu alinunua kibuyu cha uji na saro yake yote. Uongo huo nimeshaanza kuumeza, ni baba yangu, nitafanyaje? Kisichomezeka ni Marwa. Siku ile ni yeye peke yake aliyenitendea haki, na ndiye niliyemkimbia mpaka kaburini.