Ujumbe wa Muuza Dawa

Mkunga wa zahanati ile walimwita Mama Pokea, maana nusu ya watoto wa mtaa walipita mikononi mwake. Ndiye aliyewakataza wajawazito kunywa dawa ya kuharakisha uchungu iliyouzwa duka la ng'ambo ya barabara. Muuza dawa alipoona biashara inadorora, akatunga ujumbe kwamba sindano za mkunga yule zinafunga kizazi. Alijua fika kuwa si kweli. Akawatumia wateja wake wote kwa simu.

Wifi yake Mama Pokea aliupata, akaingiwa na hofu. Akausambaza kwa kila mwanamke aliyemjua, na binti yake mwenyewe, aliyekuwa na mimba ya kwanza, akamkataza kukanyaga zahanati. Binti akajifungulia chumbani. Mkunga alipoitwa, mtoto alikuwa ameshakufa.

"Nilidhani naokoa watu, wifi," alisema mama wa binti, amekaa sakafuni. "Sasa mimi na mwenye duka tuna tofauti gani?"

"Wewe ulidanganywa, ukapitisha ulichokiamini," mkunga akamjibu, huku akimfuta binti jasho. "Yeye alijua anachokifanya."

Wifi alituma ujumbe wa kukanusha. Wachache waliusoma, wengine wakasema amehongwa. Ule wa uongo ulikuwa umeshafika mitaa ya mbali, na muuza dawa hakuulizwa na mtu. Mama Pokea alifungua zahanati, akatandika vitanda, akaketi kusubiri. Hakuna mjamzito aliyekuja.