Nukta Pembeni mwa Majina

Saa moja kasorobo asubuhi, geti dogo la kliniki ya wajawazito linafunguliwa kutoka ndani. Mlinzi, mwanamke aliyevaa sare ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, anatoa meza, anatoa kiti cha plastiki, anafungua daftari la wageni, kisha anaifunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kalamu za hapa zina miguu, anasema, akigeuka kidogo zinaondoka na wagonjwa.

Nje wajawazito kumi na wawili wameshapanga mstari. Mmoja mmoja anataja jina, anaonyesha kadi, anaandikwa, anapita.

"Hujambo mama?"

"Sijambo."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Wa mwisho ni mwanamke mwembamba mwenye tumbo la miezi mitano hivi. Mlinzi anaandika jina, anasoma tarehe kwenye kadi, na pembeni mwa jina anaweka nukta ndogo ya wino. Haulizi kitu. "Pita mama, benchi la kushoto," anamwambia kwa sauti ileile aliyowaambia wenzake.

Mlinzi huyu anaitwa Mama Geti. Jina la kuzaliwa analo, ila katika miaka minane ya kazi limesahaulika kiasi kwamba hata yeye akipiga simu ofisini hujitambulisha kwa jina la utani. Ana miaka hamsini na miwili. Anaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutoka saa moja jioni, siku sita kwa wiki, kisha anarudi kwenye chumba kimoja anachoishi peke yake na redio.

Mtu angedhani mlinzi hawezi kuwa mpweke, maana dunia nzima inapita mbele yake. Yeye anacheka akisikia hivyo. "Watu sabini wananisalimia kwa siku. Hakuna anayengoja jibu. Nikianza kusema leo kichwa kinaniuma, mwenzangu ameshafika dirisha la kadi."

Basi akazoea kutazama badala ya kuongea, na huko kutazama ndiko kulikozaa zile nukta.

Miaka mitatu iliyopita alikuwepo mwalimu wa chekechea, mimba yake ya miezi saba. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa mara moja kwa mwezi. Kwenye daftari, hata hivyo, jina lake lilionekana mara tisa ndani ya wiki mbili. Kila mara ombi lilikuwa moja: asikilizishwe mapigo ya moyo ya mtoto. Wauguzi walipima, wakakuta yako sawa, wakamwambia aende nyumbani akapumzike. Kwenye benchi wenzake walishambatiza Bibi Mapigo.

"Nisikufiche, na mimi nilicheka," anakiri Mama Geti. "Nilicheka siku nyingi tu."

Alipokuja mara ya kumi, mwalimu aliandikwa kama kawaida, akaingia, lakini hakwenda kwa muuguzi yeyote. Alikaa benchini saa nzima mikono ikiwa tumboni, kisha akainuka kuondoka. Mama Geti akamuuliza mbona hajapimwa.

"Naona aibu," mwalimu akamjibu. "Wameshanichoka."

Mama Geti alifunga geti kwa dakika tano, kosa ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi, akaweka daftari kwapani na kwenda moja kwa moja kwa mkunga mkuu. Akamfungulia kurasa moja baada ya nyingine, kidole juu ya jina lilelile.

Mkunga mkuu ni mwanamke mwenye maneno machache. Siku ile anaikumbuka vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshampima mwalimu huyo, na si shinikizo la damu peke yake. Kila mjamzito hapa huulizwa maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, umekuwa na wasiwasi usioweza kuuzuia? Umeshindwa kutulia? Umeogopa kwamba jambo baya litatokea? Majibu ni manne, kuanzia hapana kabisa hadi karibu kila siku, na kila jibu lina alama.

"Alinijibu hapana kabisa kwa yote saba," anasema mkunga. "Nikaandika sifuri, nikamwita mwingine. Baadaye ndipo nilipojiuliza nilimuulizia wapi. Nilimuulizia kwenye mzani, watu wamejaa, na wifi yake kamshikia mkoba. Sasa nani atasema silali mbele ya wifi?"

Mara ya pili mkunga alimweka kwenye kiti, akafunga mlango, akauliza taratibu. Kati ya alama ishirini na moja, mwalimu alipata kumi na tisa. Kwa mwezi mzima alikuwa akishtuka usingizini na kulibonyeza tumbo mpaka mtoto apige teke. Alipelekwa kwa mshauri, akawa anamwona kila wiki mpaka alipojifungua, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo.

Mkunga anasisitiza kwamba maswali hayo hayamwambii mtu kuwa ni mgonjwa. Yanaonyesha tu nani aketishwe na kusikilizwa zaidi.

Tangu siku hiyo wawili hao wana makubaliano. Mjamzito akija siku ambayo si yake, Mama Geti anaweka nukta. Zikifika tatu ndani ya mwezi, mkunga anamwita mwenyewe na kumuuliza upya, mlango ukiwa umefungwa. Wanawake sitini na wanne wameshafikisha nukta tatu, na kwa hesabu ya mkunga zaidi ya nusu yao walihitaji msaada.

Waliyosema huko ndani Mama Geti hayajui, wala hataki kuyajua. "Kazi yangu ni wanaorudi. Wakishapita mlango ule, ni wa mkunga."

Lakini kwa nini neno la mwalimu lilimchoma vile? Swali hilo linamrudisha mbali.

Miaka ishirini na sita iliyopita yeye naye alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii ya pili aliibeba roho juu tangu siku aliyoigundua. Alikwenda kliniki mara kwa mara mpaka mlinzi wa zama hizo akampigia kelele mbele za watu: "Wewe mama, si jana tu ulikuwa hapa? Au tukupangishe chumba kabisa?" Watu wakaangua kicheko. Akacheka nao, akazunguka nyuma ya ukuta, akakaa chini mpaka saa sita mchana ili nyumbani wadhani amehudumiwa. Hakurudi tena. Hofu ile aliimaliza peke yake, na hajawahi kumsimulia mtu kabla ya leo.

Mtoto aliyezaliwa ni binti, wa pekee. Baba yake aliondoka mapema na hakurudi, hivyo wakabaki mama na mwana. Leo binti huyo ameolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na ana mimba ya miezi saba.

Hapo ndipo Mama Geti anafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Hakuna jina. Kuna nukta kumi na nne.

"Zamani alikuwa ananipigia mara moja kwa wiki. Mwezi uliopita amenipigia mara kumi na nne. Mama, nimeinua ndoo, kuna ubaya? Mama, jana alicheza, leo katulia, ndiyo kawaida? Namjibu, anashukuru. Halafu wiki mbili hizi, kimya. Nikipiga mimi, ananiambia nzuri."

Analifunga daftari. Kimya hicho anakijua. Ni kile cha mwalimu alipokuja mara ya kumi, ni chake mwenyewe nyuma ya ukuta.

"Wanawake wa watu nawaona. Wangu ananiambia nzuri, na mimi ndiye niliyemfundisha. Akianguka, nilimwambia hujaumia. Akilia, nilimwambia umeshanyamaza. Ananijua kama mama wa rungu, asiyeogopa kitu. Atanieleza nini mtu kama mimi?"

Saa saba mchana kliniki imepungua watu. Mama Geti anaingia kwenye kibanda chake, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapiga simu. Mwandishi wa makala haya, aliyeketi naye tangu asubuhi, anainuka ampishe. Mama Geti anamwonyesha kwa mkono abaki.

"U mzima, mwanangu?"

"Mzima, mama."

"Unalala?"

"Nalala. Kwani wewe hulali?"

Kwa kawaida hapo wangecheka na kuagana. Leo Mama Geti anapiga moyo konde.

"Sikiliza nikwambie. Mimi nilikuogopea wewe miezi tisa yote. Kila siku ya Mungu. Nilikuwa nahisi umekufa humo ndani, halafu unapiga teke, halafu naanza upya. Sikumwambia bibi yako wala baba yako. Nilikaa nyuma ya ukuta wa kliniki nikalia peke yangu."

Anaitoa simu sikioni, anaangalia kama imekatika, anairudisha.

"Mama," sauti inasema hatimaye, ndogo kabisa. "Mimi silali."

Mama Geti anafumba macho.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kliniki wakiniuliza nasema nzuri. Mama mkwe anakuwa pale pale."

Anaongea naye dakika arobaini, mara ya kwanza katika miaka mingi. Anapotoka kibandani macho ni mekundu na hajaribu kuyaficha.

Ameomba likizo ya siku saba, ya kwanza katika miaka mitatu, na mkunga mkuu ameshaisaini. Jumamosi atapanda basi. Tarehe ya kliniki ya binti yake ni Jumanne, na mpango wake hauna mambo mengi.

"Nitakwenda nao wote wawili. Wakimwita, nitamshika mkono mama mkwe, nitamtoa nje tukapige soga juani. Ataniona nina adabu mbaya, na anione. Mwanangu abaki ndani na mkunga, mlango ufungwe. Safari hii kuna mtu atakaa nje akimngoja."