Siku Timu ya Ami Ilipochukua Ubingwa

Juzi sokoni Nizwa nilimwona kijana kavaa fulana ya timu ndogo ya mpira ya Uingereza, ya daraja la chini, ambayo huku haijulikani na mtu. Nikamkumbuka ami Nasoro, ndugu yake baba, aliyeishabikia.

Ami alirudi kwetu Ibra baada ya miaka mingi Uingereza, akawaacha huko mke na mwanawe, Salim. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alikaa mbele ya kompyuta akisikiliza mechi ya mwisho ya msimu ya timu yake. Chumba kizima kilinukia kahawa na iliki, na sauti ya mtangazaji ikikatikakatika. Mimi nilidhani wanagombea ubingwa wa dunia. Filimbi ilipolia, ami aliruka, akaninyanyua juu.

"Tumechukua! Tumekuwa mabingwa!"

Kisha akampigia simu Salim. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena.

"Hasikii, ami," nikamwambia. "Kelele zimezidi huko uwanjani."

"Ndiyo, mwanangu. Kelele nyingi."

Akajifunika uso kwa kilemba chake, mabega yakimtikisika. Nikakimbilia jikoni.

"Mama, ami analia kwa furaha!"

Mama aliziacha sambusa ziungue.

Sasa najua kwamba Salim hakuwa uwanjani. Alikuwa kwao, akiiona namba ya baba yake na kuiacha iite, kwani hakuwa amemsamehe kwa kuondoka. Utotoni alibebwa mabegani na baba huyo kila timu yao ilipocheza.

Ami alifariki mwaka uliofuata. Salim hakuja kumzika, na sijui kama siku ile naye aliufurahia ubingwa.