Mama Samadi Hataki Kimya

Watu humtania Mama Samadi kwamba anakula kwa mavi ya ng'ombe, naye hukubali bila kununa. Ana trekta, tangi la kukokota, pampu, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye hufunga mipira ya pampu na kuropoka kutwa. Wafugaji humwita mashimo yao ya samadi yakijaa. Hulikoroga tope mpaka lilainike, hulinyonya, kisha huenda kulimwaga kwenye mashamba ya wakulima.

Nimeiona kazi hii katika nchi kadhaa, na kote huogopwa kitu kimoja: hewa inayofumuka tope likikorogwa. Mwanzoni hunuka kama mayai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi, huisikii tena, na hapo ndipo inapoua. Kwa hiyo Mama Samadi ana sharti lake. Pampu ikizunguka, hakuna kunyamaza. Kila mtu apige domo, hata matusi, ili mwenzake ajue bado anapumua.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Shimo lilikuwa chini ya sakafu ya banda, na mwenye shamba aliapa kwamba ng'ombe wote wametolewa. Mama Samadi akaiwasha pampu.

"Shemeji, buti lako la kushoto linacheka!"

"Linakucheka wewe! Kaka alitaka trekta, akapewa na mke wa nyongeza!"

"Na wewe utampata nani, na harufu hiyo?"

Kimya.

"Shemeji?"

Pampu tu ndiyo iliyonguruma. Ndipo akamsikia ndama akilia ndani ya banda, akaona mlango wa pembeni uko wazi. Kizingitini zilionekana soli za mabuti mawili, ncha zikiwa chini, za mtu aliyelala kifudifudi.

Miguu ilitaka kukimbilia mle ndani, akailazimisha isimame kwa kulikumbatia gurudumu la trekta. Alimjua mwenzake wa kazi aliyemfuata mwanawe namna hiyo. Walitolewa wote wawili, maiti.

Akaizima pampu, akamgeukia mwenye shamba.

"Zunguka nje, fungua milango ya nyuma! Usiingie!"

"Nilidhani wametoka wote, mama, Mungu wangu, nilidhani..."

"Fungua!"

Alichukua kulabu ndefu ya kuvutia mipira, akavuta pumzi akiwa mbali, akaibana. Kulabu ilipita juu ya mkanda wa shemeji mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili. Akarudi nyuma kuhema, akaenda tena. Iliponasa, alivuta kama anayeng'oa kisiki, na mwenye shamba akaja kumsaidia kuvuta. Wakamburura hadi kwenye nyasi, ng'ambo ya uzio.

Uso wa shemeji ulikuwa wa rangi ya majivu. Mama Samadi akamlaza ubavu, akamwita, akampiga makofi, akamwita tena kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo hajawahi kulitumia. Mwishowe kifua kikapanda. Akakohoa.

"Ndama..."

"Pumua, wewe! Pumua tu!"

Mwenye shamba alipiga simu kuomba gari la kwenda hospitali. Alipomaliza, ndama alikuwa hasikiki tena. Mzee yule akageuka kutazama banda, akapiga hatua.

Mama Samadi alimdaka shati. Aliketi palepale chini, mkono mmoja juu ya kifua cha shemeji yake, wa pili umeng'ang'ania shati la yule mzee, wala hakuliachia mpaka gari lilipofika.