Moto Uliosubiri Ruhusa ya Bosi

Niliwakuta watu watatu wazima, wenye akili zao na viatu miguuni, wamesimama wanautazama moto.

Hawakimbii. Hawapigi kelele.

Wanasubiri ruhusa ya kuuzima.

Umesoma sawasawa. Mimi niliishia shule ya msingi, sina maneno ya kupamba. Naandika ili mwenye biashara asome, na mwenye mtoto mwenye biashara asome mara mbili.

Ilikuwa kwenye duka la udobi la binti yangu. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya shuka la mteja. Shuka linawaka, na meza ya mbao chini yake nayo imeanza kuitikia.

"Shikamoo, mama," dada wa kaunta akanisalimia, simu sikioni. Adabu tele.

"Marahaba. Huo si moto?"

"Ni moto, mama. Tunampigia bosi, hapatikani."

Angepatikana vipi? Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imezimwa. Nilikuwa natoka hospitali, nimemwacha amelazwa, mimba ya miezi minane, presha imepanda mpaka nesi alipima mara ya pili akidhani mashine imeharibika.

Nikachomoa waya wa pasi ukutani. Nikashika ndoo iliyokuwa karibu.

"Mama, hayo maji yana dawa ya kulainisha nguo!" mfuaji akaruka. "Bosi hataki yatumike ovyo!"

"Basi moto utalainika."

Nikamwaga.

Moshi, majivu, na nusu meza. Hivyo ndivyo vilivyobaki.

Sasa nikueleze huyo bosi ni mtu wa aina gani, maana nimemzaa mwenyewe.

Binti yangu alisomea uongozi wa biashara, kozi fupi. Akarudi na maneno manne, akayabandika ukutani: kupanga, kugawa kazi, kuongoza, kudhibiti. Nikafurahi. Nikasema mwanangu ametoka gizani.

Kumbe katika yale manne alikuwa amependa la mwisho tu. Yale matatu yalibaki pale kama mapambo.

Alidhibiti, jamani! Kufungua sabuni mpya, apigiwe. Mteja akitaka nguo yake mapema, apigiwe. Kifungo cha shati kikidondoka, apigiwe, kisha atumiwe na picha ya kifungo.

Nikimwambia, "Mwanangu, wagawie kazi upumzike," ananitazama kama nimemtukana.

"Mama, hawa watu bila mimi hawawezi kitu."

Na anavyolisema kwa raha! Mwingine husifiwa kwa watoto wake kufaulu, yeye anajisifu wafanyakazi wake wameshindwa.

Asubuhi ile ile pale kliniki, nesi anamfunga mkanda wa kupima presha, simu inalia.

"Bosi, tutumie ndoo ya bluu au ya kijani?"

"Ya bluu."

Inalia tena.

"Bosi, ya bluu imepasuka."

Daktari, mama mtu mzima asiye na mzaha, akaninyooshea ile simu. "Mama, kaa nayo wewe. Binti yako akiendelea hivi tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Sitanii."

Akalazwa palepale. Nikaambiwa nikamletee kanga zake na niwataarifu wafanyakazi. Ndipo nikakuta ile ibada ya moto.

Basi nilipomaliza kumwaga maji, nikawageukia. Hasira za mama aliyemwacha mwanawe kitandani unazijua.

"Ninyi ni watu au vinyago? Mwanangu anakufa kwa sababu yenu! Hata moto hamjui kuuzima?"

Dada wa kaunta akashusha simu.

Mpiga pasi, baba wa watu mwenye mvi, akapangusa uso. "Tunajua, mama."

"Mnajua nini?"

"Kuuzima."

"Sasa?"

Wakatazamana. Dada wa kaunta ndiye aliyejitoa mhanga. "Mama, unamkumbuka Mrefu?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mkono wa kulia wa binti yangu. Mwezi uliopita aliondoka, na mimi nikaambiwa alikuwa jeuri, anajifanya bosi.

"Mashine ya kufulia ilianza kutoa moshi," akasema. "Mrefu akakata umeme wa duka zima. Akaokoa kila kitu. Ila nguo za siku ile zikachelewa. Bosi akaja, akamuuliza mbele yetu, nani amekuruhusu? Akamfukuza palepale."

Mpiga pasi akamalizia taratibu, "Sisi tuna watoto, mama. Afadhali duka liungue kwa utaratibu kuliko kuzima bila ruhusa."

Nikaketi juu ya furushi la nguo chafu.

Niliingia pale nikidhani nimekuta wajinga. Kumbe ni wanafunzi hodari. Mwanangu alifundisha somo moja tu, na wote walifaulu.

Nikarudi hospitali. Nikimwambia, presha itapanda. Nisipomwambia, atanyanyuka kitandani aende mwenyewe. Na kweli, nilimkuta ameshaweka mguu mmoja sakafuni.

"Mama, nipe simu. Wale watu wataniharibia kazi."

"Rudisha mguu nikwambie."

Nikamwambia. Moto, meza, shuka. Nesi alikuwa pembeni, nilimuomba akae.

"Kwa nini hawakuzima?" akauliza, macho yamemtoka.

"Walikuwa wanakutafuta wakuombe ruhusa. Hawakutaka kuwa kama Mrefu."

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Alivuta shuka mpaka kidevuni kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kikombe. Machozi yakamtoka bila sauti.

Baadaye akanyoosha mkono. "Nipe simu, mama. Napiga moja tu."

Akampigia Mrefu.

"Kaka, nilikosea. Naomba urudi."

Jibu la Mrefu tulilisikia wote. "Nitarudi, dada. Lakini nikirudi, naamua. Sabuni, wateja, zamu za watu, vyote. Na wewe usipige simu mpaka ujifungue."

"Hata asubuhi kusalimia?"

"Salamu zako nazijua, dada."

Nesi aligeukia ukutani akicheka. Binti yangu akafumba macho kama anang'olewa jino.

"Sawa," akasema. "Amua."

Nesi alipopima tena jioni, presha ilikuwa imeshuka kidogo. Kesho yake ikashuka zaidi. Mjukuu wangu alizaliwa salama, sauti kubwa, ngumi zimekunjwa. Mama yake mzima, ingawa ananuna kwamba dukani hakuna anayemtafuta.

Wewe unayejigamba kwamba usipokuwepo hakiendi kitu, hiyo si sifa, huo ni ugonjwa, na siku moja utalazwa nao. Biashara ni kazi kufanyika kwa mikono ya watu, na mkono uliofungwa kamba haufanyi kazi hata uulipe vizuri.

Nawe mzazi mwenzangu, usimuulize mwanao biashara inaendaje. Atakwambia inakwenda vizuri. Nenda kwa wafanyakazi wake uwaulize: bosi akiugua leo, nani anaamua?

Wakianza kutazamana, mkimbilie mwanao kabla daktari hajakupigia.